Fyuzi za bei ghali: Je, huboresha sauti ya muziki au hutoboa mfuko tu?

KATIKA maduka ya vifaa vya umeme katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi, fyuzi ni bidhaa isiyopewa heshima kubwa. Hukaa ndani ya kisanduku pamoja na skrubu na vipande vya waya, na mnunuzi huilipia kwa sarafu alizo nazo mfukoni.

Lakini miongoni mwa wapenzi sugu wa muziki huko Marekani, Ulaya na Asia Mashariki, kipande hicho hicho kimegeuka kito cha thamani. Zipo fyuzi ambazo ncha zake zimepakwa dhahabu, waya wa ndani umetengenezwa kwa fedha, na ambazo kwa mujibu wa watengenezaji zimegandishwa kwa baridi kali mno kabla ya kutiwa ndani ya vijisanduku vya kuvutia. Bei yake hupita dola 100 kwa fyuzi moja, ambazo kwa kiwango cha ubadilishaji cha mwaka 2025 ni takriban Sh12,900. Nyingine huuzwa kwa zaidi ya maradufu ya kiasi hicho.

Wauzaji wake hudai kuwa mtu akiondoa fyuzi ya kawaida kwenye mtambo wake wa muziki na kuweka hii ya kifahari, besi huwa nzito zaidi, kelele za chinichini hutoweka, na mwimbaji husikika kana kwamba amesimama sebuleni. Kwa kuwa biashara ya mtandaoni haina mipaka, Mkenya mwenye simu na kadi ya benki anaweza kuagiza fyuzi hizo bila kuondoka kitini.

Je, madai hayo yana ukweli? Jibu fupi ni kwamba hayana. Hata hivyo, jibu refu lina manufaa zaidi, kwa sababu fyuzi haikuwekwa kwenye mtambo kwa ajili ya muziki. Iliwekwa ili nyumba isiteketee, na anayeichezea bila kuielewa anacheza na moto.

Kiungo dhaifu cha makusudi

Fyuzi ni kiungo dhaifu kilichowekwa kwa makusudi katika njia ya umeme. Mkondo wa umeme unapopita kwenye waya wowote, huupasha joto. Joto hilo haliongezeki sawia na mkondo, bali kwa mraba wake: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne, na ukiongezeka mara kumi, joto huongezeka mara mia moja.

Hitilafu inapotokea, mathalani waya mbili zinapogusana ndani ya kifaa, mkondo hupanda ghafla. Waya mwembamba ulio ndani ya fyuzi huyeyuka kabla ya waya nyingine zote, na njia ya umeme hukatika. Wazo hili ni la zamani. Mvumbuzi Mmarekani Thomas Edison alipata hataza ya kifaa cha kuwekea fyuzi mwaka 1890, katika siku za mwanzo za kusambaza umeme majumbani.

Ingawa fyuzi huonekana kuwa kitu chepesi kutengeneza, huwa imepimwa kwa mambo matatu. La kwanza ni kiwango cha mkondo inaoweza kuubeba, ambacho huandikwa kwa ampea. La pili ni kasi yake ya kukatika. Herufi F huashiria fyuzi ya haraka, ilhali T huashiria fyuzi inayovumilia mkondo mkubwa kwa muda mfupi kabla ya kukatika. Amplifaya, yaani kifaa kinachokuza mawimbi ya sauti kabla ya kuyapeleka kwenye spika, aghalabu huhitaji fyuzi ya aina ya T. Sababu ni kuwa transfoma yake huvuta mkondo mkubwa mno kwa sehemu ndogo ya sekunde inapowashwa.

La tatu, ambalo wengi hawalifahamu, ni uwezo wa kukata. Fyuzi inapoyeyuka, umeme huweza kuendelea kuruka kwa cheche kati ya ncha mbili za waya uliokatika. Fyuzi ndogo ya kioo yenye urefu wa milimita 20, ambayo hubeba herufi L, kwa kawaida imehakikishiwa kukata mkondo wa ampea 35 au mara kumi ya kiwango chake, kutegemea kilicho kikubwa zaidi. Fyuzi ya kauri yenye herufi H, ambayo mara nyingi hujazwa mchanga wa kuzima cheche, huweza kukata mkondo wa ampea 1,500.

Kwa hivyo, maandishi kama T3.15AH250V yaliyo kwenye ncha ya fyuzi au nyuma ya kifaa si mapambo. Yanasema kuwa fyuzi hiyo ni ya polepole, ni ya ampea 3.15, ina uwezo mkubwa wa kukata, na ni ya umeme usiozidi volti 250. Fundi anayebadilisha fyuzi anatakiwa kuzingatia yote hayo.

Urithi wa plagi ya miguu mitatu

Kenya ina sababu ya kipekee ya kuijali fyuzi. Katika mataifa mengi ya bara Ulaya na Marekani, plagi za kawaida za vifaa vya nyumbani hazina fyuzi ndani. Plagi ya miguu mitatu ya mstatili inayotumika nchini huwa nayo.

Chanzo chake ni Uingereza ya miaka ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Wahandisi waliopewa kazi ya kupanga umeme wa nyumba zitakazojengwa baada ya vita walitoa ripoti yao mwaka 1944. Walipendekeza soketi nyingi za nyumba ziungwe kwenye waya mmoja unaozunguka na kurudi ulikoanzia, mpango ambao ungepunguza matumizi ya shaba. Waya huo ulikingwa kwa fyuzi ya ampea 30.

Tatizo ni kwamba ampea 30 ni nyingi kupindukia kwa waya mwembamba wa taa ya mezani au redio. Waya huo ungeweza kushika moto kabla ya fyuzi kuu kukatika. Suluhisho likawa kuweka fyuzi ndogo ndani ya kila plagi. Kiwango rasmi cha plagi hiyo kilichapishwa mwaka 1947, na Kenya, iliyokuwa chini ya utawala wa Waingereza, ikairithi pamoja na umeme wa volti 240.

Fyuzi za plagi hiyo zina mwili wa kauri, na viwango vinataka ziwe na uwezo wa kukata mkondo wa ampea 6,000. Zinazotumika zaidi ni za ampea 3, ambazo kwa desturi huwa nyekundu, na za ampea 13, ambazo huwa za rangi ya hudhurungi. Kwa hivyo mtambo wa muziki katika nyumba ya Mkenya kwa kawaida hulindwa na fyuzi mbili: moja ndani ya plagi kwa ajili ya waya, na nyingine ndani ya mtambo kwa ajili ya mtambo wenyewe. Wauzaji wa fyuzi za kifahari wana bidhaa kwa ajili ya zote mbili.

Safari ndefu ya umeme

Ili kupima madai ya wauzaji, ni vyema kwanza kufuata safari ya umeme hadi kwenye spika. Umeme unaozalishwa kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria au kwa maji ya mabwawa ya mto Tana husafiri mamia ya kilomita kwenye nyaya za volti nyingi. Hupunguzwa nguvu na transfoma kadhaa, ya mwisho ikiwa ile iliyo juu ya mlingoti mtaani, ambayo nayo ina fyuzi zake. Kisha hupita kwenye mita, kwenye swichi za kujikata, na kwenye waya zilizo ukutani hadi kwenye soketi.

Umeme huo hubadilisha mwelekeo wake mara 100 kwa sekunde. Hauwezi kuendesha amplifaya ukiwa hivyo. Ndani ya mtambo, transfoma huushusha hadi kiwango kinachofaa, kisha vifaa vingine huugeuza kuwa wa mwelekeo mmoja. Hatimaye huhifadhiwa ndani ya kapasita, ambazo hufanya kazi mithili ya matangi ya maji juu ya paa. Sehemu za amplifaya zinazoshughulikia sauti huteka umeme kutoka kwenye matangi hayo, si moja kwa moja kutoka ukutani.

Hapa ndipo madai yanapoanza kuyumba. Sauti ya muziki haipiti kwenye fyuzi ya plagi wala kwenye fyuzi ya nyuma ya mtambo. Kinachopita humo ni umeme ghafi, ambao baadaye husagwa, huchujwa na kuhifadhiwa kabla ya kutumiwa.

Hesabu haidanganyi

Wauzaji hujitetea kwa kusema kuwa fyuzi ya kawaida huuzuia umeme, ilhali ya fedha huupitisha kwa urahisi. Kizuizi hicho huitwa ukinzani, na hupimwa kwa omu. Ni kweli kwamba fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba, lakini ubora wake ni wa takriban asilimia 6 tu.

Tuseme amplifaya inavuta umeme wa wati 120, kiasi ambacho kinatosha kuwaamsha majirani. Kwa volti 240, mkondo wake ni nusu ampea. Tuseme pia kuwa fyuzi iliyomo ina ukinzani wa omu 0.05. Volti zinazopotea kwenye fyuzi hiyo ni 0.025, ambazo ni sehemu moja kati ya 9,600 ya umeme unaoingia. Ukipunguza ukinzani huo kwa asilimia 6, faida utakayopata ni volti 0.0015.

Ikumbukwe kuwa umeme wa nyumbani hupanda na kushuka kwa volti kadhaa kutwa nzima, jirani anapowasha pasi au fundi wa vyuma anapoanza kazi yake ng'ambo ya barabara. Amplifaya imeundwa kuvumilia mabadiliko hayo makubwa. Haiwezi kuzindukana kwa sababu ya volti 0.0015.

Aidha, kuna waya zilizo ukutani. Waya ya shaba ya milimita mraba 2.5, ambayo hutumika sana kwa soketi, ina ukinzani wa takriban omu 0.0074 kwa kila mita. Ikiwa soketi iko mita 10 kutoka kwenye swichi kuu, umeme husafiri mita 20 kwenda na kurudi, na ukinzani wake ni karibu omu 0.15. Huo ni mara tatu ya ule wa fyuzi ya mfano wetu. Fyuzi ya plagi ya ampea 13 ina ukinzani mdogo zaidi, unaolingana na wa kipande cha waya hiyo kisichofika hata mita moja.

Anayenunua fyuzi ya fedha ni kama mtu anayeweka lami mpya kwenye mita ya mwisho ya barabara ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha akatarajia abiria wasihisi mashimo waliyopitia Mtito Andei.

Fyuzi yenye mbele na nyuma

Dai jingine ambalo huwashangaza wahandisi ni lile la mwelekeo. Baadhi ya fyuzi za kifahari zimechorwa mshale, na mteja huambiwa aigeuze fyuzi ikiwa sauti haijampendeza. Lakini umeme wa nyumbani, kama ilivyoelezwa, hugeuza mwelekeo wake mara 100 kila sekunde. Kipande cha waya hakina njia ya kutofautisha mbele na nyuma katika hali hiyo. Upande wowote uutakaoanza nao, umeme utapita kuelekea pande zote mbili kwa usawa.

Kuhusu kugandishwa kwa baridi kali, chuma chochote kinachorudi katika joto la kawaida la chumba hurudi pia katika ukinzani unaokaribiana sana na wa awali. Nayo dhahabu iliyo kwenye ncha ina faida moja ya kweli, nayo ni kwamba haishiki kutu. Hata hivyo, vishikio inavyobanwa navyo ndani ya mtambo kwa kawaida si vya dhahabu, na sehemu hizo zinaweza kusafishwa kwa gharama ndogo sana.

Vyombo vya kisasa vya kupima sauti vina uwezo wa kunasa kasoro ambayo ukubwa wake ni sehemu moja kati ya milioni moja ya sauti yenyewe, kiwango kilicho mbali sana na uwezo wa sikio la binadamu. Wapimaji huru waliotumia vyombo hivyo kulinganisha fyuzi za kifahari na za kawaida kwenye mtambo mmoja hawakuona tofauti katika mawimbi yanayotoka kuelekea kwenye spika.

Pale fyuzi inapoathiri sauti

Pamoja na hayo yote, si haki kusema kuwa fyuzi haiwezi kamwe kugusa sauti. Ipo hali moja inayojulikana vyema na wahandisi, nayo ni pale fyuzi inapowekwa kati ya amplifaya na spika, mtindo uliotumika katika baadhi ya mitambo ya zamani ili kuzilinda spika.

Katika hali hiyo, muziki wenyewe hupita ndani ya fyuzi. Besi nzito inapopigwa, waya wa fyuzi hupata joto na kupoa kwa kufuata mdundo wa mawimbi. Ukinzani wa metali nyingi, ikiwemo shaba na fedha, huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa hivyo ukinzani hubadilika kila wakati, na sauti hupata uchafu kidogo ambao haukuwepo kwenye rekodi. Mhandisi Mwingereza Douglas Self, mwandishi wa vitabu vinavyotegemewa sana kuhusu uundaji wa amplifaya, ameonyesha kwa vipimo jinsi uchafu huo unavyoongezeka kadiri sauti inavyozidi kuwa nzito.

Lakini hata hapa dhahabu haisaidii. Chanzo cha tatizo ni joto la waya, na kila fyuzi lazima ipate joto ili iweze kufanya kazi yake. Dawa waliyoipata wahandisi ni kuiondoa fyuzi katika njia ya spika na kuiweka upande wa umeme, au kutumia swichi za kielektroniki zinazokata spika pindi hitilafu inapotokea.

Hali nyingine ni ya fyuzi kuukuu iliyolegea kwenye kishikio chake au kishikio kilichoshika kutu. Mahali hapo huweza kupata joto, na mtambo ukawa unakatika na kuwaka. Fyuzi mpya ya shilingi chache na kishikio kilichosafishwa na fundi hutosha kuondoa kero hiyo.

Kwa nini watu husikia tofauti?

Ikiwa hesabu na vipimo havionyeshi chochote, mbona baadhi ya wanunuzi huapa kwamba wamesikia mabadiliko makubwa? Si lazima wawe waongo. Masikio hayasikii peke yake. Husikia pamoja na macho, kumbukumbu na matarajio.

Mwaka 1994, watafiti Floyd Toole na Sean Olive wa kampuni ya Harman walieleza jaribio ambamo watu wale wale walisikiliza spika mbalimbali mara mbili. Katika hali moja waliziona, na katika nyingine zilifichwa nyuma ya pazia. Walipoziona, spika kubwa na za bei ya juu zilipewa alama nzuri zaidi, na ile ndogo ya bei nafuu ikashushwa. Zilipofichwa, tofauti hizo zilipungua sana. Ikumbukwe kuwa spika hutofautiana kwa sauti kwa njia inayopimika. Ikiwa macho yaliweza kuyumbisha hukumu kuhusu spika, itakuwaje kuhusu fyuzi?

Zaidi ya hayo, kumbukumbu ya sauti ni fupi. Ili kubadilisha fyuzi, mtu huzima mtambo, huchomoa plagi, hufungua kishikio, huweka fyuzi mpya na kuwasha tena. Hizo ni dakika kadhaa, ilhali sikio huweza kulinganisha tofauti ndogo kwa sekunde chache tu. Pia, akiongeza sauti kidogo bila kujua wakati wa kuwasha tena, muziki utaonekana bora, kwa kuwa sauti iliyo juu kidogo hupendeza zaidi hata pale msikilizaji asipotambua kuwa imepanda.

Isitoshe, ni vigumu mtu aliyelipa zaidi ya Sh12,000 kukiri mbele ya marafiki kwamba hasikii chochote.

Jaribio la kuondoa shaka

Njia ya kupata ukweli ni kumficha msikilizaji kile anachosikiliza. Mtu wa pili hurusha sarafu: ikiangukia upande mmoja huweka fyuzi ya kawaida, ikiangukia mwingine huweka ya kifahari. Msikilizaji, ambaye yuko chumba kingine wakati huo, huja na kusema ni ipi. Kitufe cha sauti hakiguswi hata kidogo, na zoezi hurudiwa mara 10.

Mtu anayebahatisha hupata majibu matano hivi. Lakini tahadhari inahitajika: uwezekano wa kupata majibu saba au zaidi kwa bahati tu ni karibu asilimia 17, kwa hivyo saba kwa kumi si ushahidi wa kutosha. Uwezekano wa kupata tisa au kumi kwa bahati ni takriban asilimia 1. Anayefikia kiwango hicho, tena zaidi ya mara moja, ndiye anayestahili kusikilizwa.

Kwa sababu za usalama, jaribio kama hilo lifanywe kwa fyuzi ya plagi pekee, plagi ikiwa imechomolewa kabisa. Fyuzi iliyo ndani ya mtambo iachiwe fundi, kwani kapasita huweza kubaki na umeme hatari hata baada ya mtambo kuzimwa.

Hatari iliyojificha

Kama suala lingekuwa pesa pekee, kila mtu angeachwa atumie zake apendavyo. Lakini baadhi ya wauzaji wa fyuzi za kifahari huwashauri wateja wachague fyuzi ya kiwango cha juu kuliko ile iliyoandikwa kwenye mtambo, kwa sababu bidhaa zao huweza kukatika mtambo unapowashwa.

Ushauri huo una madhara. Mtambo ulioandikiwa fyuzi ya ampea 2 ukiwekewa ya ampea 5, hitilafu inayovuta ampea 4 haitakata chochote. Transfoma itaendelea kuchemka polepole, vifuniko vya waya vitayeyuka, na moto unaweza kuanza watu wakiwa wamelala. Kadhalika, anayeondoa fyuzi ya kauri yenye herufi H na kuweka ya kioo kwa sababu tu ncha zake zinang'aa, amepunguza uwezo wa kukata hitilafu kubwa.

Wapo pia wanaouza vijiti vya shaba tupu vya kuwekwa mahali pa fyuzi, kwa hoja kwamba fyuzi bora ni kutokuwa na fyuzi. Hapa tajiri na maskini hukutana. Katika mitaa mingi nchini, fyuzi ya plagi inapokatika, watu huiviringishia karatasi ya kung'aa kutoka kwenye pakiti ya sigara, au huunganisha kipande cha waya, kisha maisha yakaendelea. Kijiti cha shaba cha bei ghali na karatasi ya sigara ni kitu kimoja: vyote huacha waya wa kifaa bila mlinzi.

Fyuzi inapokatika tena na tena, inatoa taarifa kwamba kuna kasoro. Dawa si kuweka iliyo nene zaidi, bali ni kumwita fundi wa umeme aliyeidhinishwa. Wakati wa kununua, mteja achunguze kama fyuzi ina maandishi ya kiwango cha ampea na volti, na kama plagi ina nembo ya ubora ya shirika la kukadiria ubora wa bidhaa nchini, KEBS. Fyuzi isiyo na maandishi yoyote, iwe ya shilingi 10 au ya Sh20,000, haifai kuaminiwa.

Pesa ziende wapi?

Kwa mwenye Sh13,000 na hamu ya kusikia muziki ulio bora, zipo njia zenye matunda. Spika ndicho kiungo kinachochafua sauti kuliko vingine vyote katika mtambo wa kawaida, na chumba ndicho cha pili. Zulia sakafuni, mapazia mazito dirishani na rafu ya vitabu ukutani hupunguza mwangwi unaoifanya sauti kuwa kali. Kuisogeza spika mbali na kona hupunguza besi inayovuma kupita kiasi, na hakugharimu hata senti.

Mtambo ukiwa na mngurumo wa chinichini usiokoma, mara nyingi chanzo ni jinsi vifaa vilivyounganishwa na waya wa ardhini, au waya hafifu unaounganisha kifaa kimoja na kingine. Fundi anaweza kubaini kasoro hiyo kwa muda mfupi. Kwa wanaoishi maeneo ambako umeme hupotea na kurudi kwa kishindo, kifaa cha kukata umeme volti zinapozidi au kupungua kitaukinga mtambo vizuri zaidi kuliko dhahabu iliyo kwenye ncha za fyuzi.

Wahenga walisema vyote ving'aavyo si dhahabu. Katika suala la fyuzi, hata ile yenye dhahabu ya kweli haina la kuongeza kwenye muziki. Kazi yake ni kukaa kimya kwa miaka mingi, na siku hitilafu itakapotokea, ikatike yenyewe ili vingine vyote vibaki salama. Kazi hiyo fyuzi ya kawaida iliyotimiza viwango huifanya kikamilifu, kwa shilingi chache.